Mshauri Hasindikizwi kwa Mdomo

Nchi ninayotaka kukusimulia haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utachoka bure, kwa sababu kamati ya kuamua iwekwe upande gani wa ziwa haijamaliza vikao vyake. Nayasema haya mapema, msomaji, usije ukaninong'oneza kwamba waziri huyu unamfahamu na wilaya hii umewahi kuipita. Hujaipita. Barabara yenyewe haipitiki.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo Serikali ilikuwa na washauri wa kulipwa, watu wenye shahada na vitambi. Ikaonekana wanakula fedha nyingi na ushauri wao ni ule ule kila mwaka, kwamba suala linahitaji kutazamwa kwa mapana yake. Waziri wa Mashauriano ya Taifa akasimama bungeni, akajifuta jasho, akasema Taifa haliwezi kuendelea kununua akili madukani wakati wananchi wanayo akili ya bure, imejaa majumbani, inachacha. Wabunge walipiga meza mpaka moja ikang'oka mguu. Ikapitishwa sheria: tangu siku hiyo Serikali itashauriwa na mabaraza ya hiari, na mshauri wa hiari hatalipwa mshahara, wala posho, wala nauli, wala chochote kinachofanana na hivyo.

Tulifurahi sana. Sisi tunapenda vya bure, hata vile tunavyovitoa wenyewe. Mabaraza yakachipua kila kona. Likaundwa Baraza la Hiari la Ushauri wa Chumvi, likaundwa la Vivuli vya Barabarani, na kule makao makuu likaundwa moja la kuyashauri mabaraza mengine namna ya kushauri bila kukwazana. Wilaya yetu ya Tulizo nayo haikusahauliwa. Tukapewa Baraza la Hiari la Ushauri kuhusu Gari la Wagonjwa, na mimi, Kibindo, nikawa mjumbe.

Utauliza kwa nini mimi. Nilikuwa stesheni masta wa Tulizo. Treni iliacha kuja nikingali na nywele kichwani, lakini hakuna aliyeniambia nami niache, kwa hiyo nikaendelea. Kila asubuhi nilivaa kofia, nikafungua dirisha la tiketi, nikakaa. Nilikaa hivyo mpaka nikastaafu kwa heshima na kupewa saa ya ukutani. Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Ndaro, alipotafuta watu wenye uzoefu wa kukaa muda mrefu bila kutokea chochote na bila kunung'unika, jina langu ndilo lililotajwa kwanza. Majirani walicheka. Mimi niliona ni sifa, na hata leo ukinibana sana nitakuambia ni sifa.

Gari lenyewe lilikuwa zawadi kutoka kwa marafiki wa ng'ambo. Lilikuja jeupe, lina king'ora, lina kitanda cha magurudumu ndani, linang'aa hata unaogopa kuliegemea. Tulizo haikuwahi kuwa na gari la namna hiyo. Ndipo likazuka swali: abebwe nani kwanza? Wa mjini au wa Mabondeni? Mwenye homa au aliyeanguka mnazi? Mheshimiwa Ndaro ni mtu mwangalifu, hata chai huionja kwa kijiko kwanza. Akaamuru gari lifunikwe turubai pale bomani, lisimbebe mtu hadi Baraza litakaposhauri.

Nyumbani kwangu jambo hilo halikuwa la mzaha. Mimi na mke wangu tuna mtoto mmoja tu, Siwema, ameolewa Mabondeni, nyuma ya Kilima Pumzi. Kilima hicho kiliitwa hivyo kwa sababu kila anayekipanda huiacha pumzi yake pale juu. Mimba yake ya kwanza, uchungu ulipomshika, wanaume walimbeba kwenye kitanda cha kamba wakapanda naye. Walipofika hospitali mtoto alikuwa amekwisha kufa na yeye mwenyewe amebaki nusu. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba safari hii akichelewa hatabaki hata hiyo nusu. Mama Siwema tangu asikie hayo alikuwa halali vizuri.

Siku niliyotangazwa kuwa mjumbe alininyooshea kanzu, akanifunga vifungo kama mtoto wa shule. "Baba Siwema," akaniambia, "wewe nenda ukaseme neno moja tu. Mtu akishikwa, gari lipande Kilima Pumzi. Ukishalisema, rudi nyumbani."

Nikamwambia hilo ni jepesi mno kwa mtu wa uzoefu wangu. Nikaondoka na neno hilo mdomoni.

*

Kikao cha kwanza kilikuwa kizuri kupita maelezo. Tulikalia viti vyenye mito na pa kuegeshea mikono. Mheshimiwa Ndaro alisoma hotuba ya ufunguzi, akatuita nguzo, akatuita mihimili, akatuita boriti za Taifa, na alipomaliza vifaa vya ujenzi akatuombea dua. Katibu wetu Pazi, kijana wa bomani anayezijua kanuni zote kwa moyo isipokuwa zile za kurahisisha mambo, akasoma ajenda. Tukachagua kamati ya kuipitia. Tukanywa chai. Kufumba na kufumbua jua likawa limeinama na mvua inakuja.

Hapo ndipo fedheha ilipotukuta. Tulisimama barazani, wazee watupu, viatu mkononi, tunasubiri mvua itupite tutembee kwenda makwetu. Mheshimiwa Ndaro alituangalia, uso ukamshuka. Alitamani atupe hata nauli, lakini sheria ilikuwa imefunga milango yote. Pazi akaturudia kifungu kwa sauti: wala chochote kinachofanana na hivyo.

Na mimi, kwa kutaka kupendwa, nikafungua kinywa. Nilisema kwamba tangu enzi za mababu zetu mgeni halipwi, lakini pia haachwi aondoke peke yake kama mwizi. Mgeni husindikizwa. Na hasindikizwi kwa mdomo, husindikizwa kwa miguu ya mwenyeji. Kusindikizwa si malipo, nikasema, ni adabu, na sheria haijakataza adabu.

Wee! Nilipigiwa makofi ambayo sijawahi kupigiwa hata siku ya harusi yangu. Hoja ikapita papo hapo, ikaitwa Kanuni ya Kulaki na Kusindikiza: mshauri atalakiwa akija na atasindikizwa akiondoka, na mkubwa anayelingana na heshima yake. Ilikuwa ndiyo hoja pekee niliyowahi kuipitisha maishani.

Ikabaki gari. La Mkuu wa Wilaya lilikuwa makao makuu tangu mwaka uliopita, linawasindikiza mawaziri. Macho yetu yakahamia kwenye turubai. Pazi akafikiri, akasema kanuni inakataza gari lile kubeba wagonjwa mpaka ushauri utoke, ila hakuna mahali popote palipokatazwa kubeba wazima. Mkude, dereva wa gari hilo, aliyekuwa ameajiriwa kwa ajili ya wagonjwa na hajambeba hata mmoja, alilifunua turubai taratibu. Kwa kuwa tulikuwa wengi, kile kitanda cha magurudumu kikatolewa, yakaingizwa mabenchi.

Nikapelekwa nyumbani kwa king'ora. Majirani walipoona gari la wagonjwa limesimama kwangu walitoka mbio, wanawake wameshika vichwa, mmoja akawa ameshaanza kilio. Nilishuka mzima, nimevaa kanzu, nikawapungia. Yule aliyeanza kulia alikasirika sana, maana kilio chake kilikuwa kimeshapanda.

*

Sasa angalia adabu inavyofanya kazi zake. Mheshimiwa Ndaro alinisindikiza mpaka mlangoni. Akishafika mlangoni pangu, mgeni ni nani? Ni yeye. Mama Siwema hakuwa na budi ila kukamata kuku. Mheshimiwa akala, akashukuru, akasimama aondoke. Je, mgeni anaachwa aondoke peke yake kama mwizi? Nikapanda naye garini, nikamsindikiza mpaka bomani. Pale bomani nikawa mimi ndiye mgeni. Akaagiza chai, kisha akanirudisha. Safari ya tatu mke wangu alifunga mlango, akasema kupitia dirishani kwamba kuku waliobaki wanatotoa.

Tukalipeleka suala hilo Barazani na tukalitafutia ufumbuzi, uitwao Nusu Njia. Msindikizaji na msindikizwaji wataachana katikati, pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kila mmoja ashike njia yake. Uzuri wa ufumbuzi huo ulikuwa mkubwa, ubaya wake ukawa mdogo tu: nani ageuke kwanza? Anayegeuka kwanza anaonekana amemchoka mwenziwe. Basi tulikuwa tunasimama pale mashineni, Mheshimiwa ananiambia tangulia, nami namwambia haiwezekani, wewe kwanza, injini inaunguruma, watu wa mpunga wanatupisha na magunia yao vichwani. Siku moja tulipishana hivyo mpaka mashine ikafungwa.

Makao makuu wakasikia habari za Kanuni yetu na wakaipenda. Ikaenea nchi nzima. Ikaundwa Idara ya Usindikizaji, ina mkurugenzi, ina wasindikizaji wenye sare na mshahara, ina mafuta yake na mafundi wake. Haukupita muda Hazina ikalalamika kwamba washauri wa bure wanagharimu kuliko wale wa shahada na vitambi. Ikateuliwa tume ya kuchunguza gharama za hiari. Tume yenyewe, ili kubana matumizi, ikawa ya hiari. Ilipofika Tulizo tukatoka kuilaki, tukaisindikiza, ikatusindikiza, na mafuta ya wilaya yakaisha kabla haijauliza swali la kwanza.

Nami wakati huo nilikuwa nani? Sikufichi, nilikuwa nimevimba kichwa. Mtaani walikuwa wakiniita Mshauri. Nilijifunza kukohoa kabla ya kusema. Nyumbani nikawa siombi chumvi, naomba kuchangia kuhusu chumvi. Kila nikirudi Mama Siwema alikuwa akiuliza swali lile lile, umelisema? Nilimjibu kwamba mambo ya Serikali yana hatua zake. Kwanza tuliunda kamati ndogo ya kuamua gari ni nini. Hiyo ilimaliza kazi vizuri. Kisha tukaingia kwenye sehemu ngumu, mgonjwa ni nani.

Usifanye mchezo, msomaji, suala hilo ni zito. Mjumbe mmoja alisema mgonjwa ni yule anayeumwa. Mwingine akamuuliza, je, anayeumwa lakini anakataa? Mwingine akaleta suala la mtu anayeumwa na wivu. Mheshimiwa Ndaro alikuwa akiandika yote, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilikwenda na neno la mke wangu mdomoni na nilirudi nalo mdomoni, limelowa chai. Mama Siwema akaacha kuuliza, na tumbo la Siwema likazidi kukua.

*

Siku ilipofika tulikuwa kikaoni, saa ya chai ya asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, imekatika. Hamdun, mkwe wangu, akaingia bila hodi, matope mpaka magotini. Lakini kijana amelelewa, alitusalimia kwanza.

"Shikamooni, wazee. Baba, Siwema ameshikwa tangu alfajiri. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya, na mwenyewe ameanza kuzimia. Vijana wanafunga kitanda, ila kilima kinateleza, sijui kama watafika."

Nje tulisikia injini ya gari la wagonjwa ikinguruma, kwa sababu Mkude alikuwa na amri ya kutoizima kabisa, ili mshauri asije akangojeshwa. Mkude mwenyewe alichungulia dirishani, akasema tangi limejaa na yeye anasubiri neno tu.

Mheshimiwa Ndaro akasimama. Sina haki ya kumwita mbaya, macho yake yalikuwa na maji. Akamwambia Hamdun kwamba Serikali inaumia pamoja naye, lakini gari lile kisheria lina kazi mbili tu, kulaki washauri na kusindikiza washauri. Kama angekuwa na ushauri mkononi angeliachia dakika ile ile. Kisha akatugeukia sisi, akanyoosha mikono kama mtu anayesubiri kupewa sahani.

Nikasimama. Neno la mke wangu lilikuwa limekaa mdomoni miezi yote hiyo, lilikuwa fupi, mtoto angeweza kulisema. Nikakohoa. Nikasema:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba kuchangia kwamba suala hili litazamwe kwa mapana yake."

Wallahi sikulituma. Lilitoka lenyewe. Wajumbe wakagonga meza kwa vidole kuniunga mkono, na Hamdun akanitazama kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka.

Ndipo nikamwona Mama Siwema mlangoni. Hamdun alikuwa amepitia nyumbani kwanza. Mke wangu amejifunga kanga kiunoni, anahema, na maneno yangu aliyasikia yote. Alinipita. Alimwendea Mheshimiwa, akamwamkia kwa heshima, akamuuliza gari lile linabeba nani. Mheshimiwa akamjibu kwa upole, washauri, mama.

"Basi mfanyeni mwanangu mshauri," akasema.

Tulitazamana. Pazi akafumba macho, akazipitia kanuni kichwani mwake, akayafumbua. Kanuni inataka mtu mzima, mwenye tabia njema, asiyetafuta faida, akasema, na hakuna palipoandikwa kwamba asiwe na uchungu. Tatizo ni moja tu, viti vimejaa. Kila mjumbe alipolisikia hilo akashika vizuri mikono ya kiti chake.

Mke wangu akanigeukia mimi. Ningependa sana kukuambia kwamba niliruka papo hapo. Sikuruka. Nilikaa. Nilikuwa nimekaa maisha yangu yote kwenye kigoda cha stesheni, mgongo unaniuma, na kile ndicho kiti changu cha kwanza chenye mto. Nikafikiria king'ora. Nikafikiria majirani wakirudi kuniita Kibindo wa Relini. Mwanangu anazimia nyuma ya mlima na mimi nafikiria mto wa kiti, ndivyo nilivyo, nifanyeje.

"Kibindo," akasema Mama Siwema.

Tangu tuoane hajawahi kuniita kwa jina langu. Kwetu mke halitaji jina la mumewe, hata akiwa amekasirika, hata kisima kikimmeza mume atapiga kelele kwamba Baba Siwema ametumbukia. Kulisikia jina lile kinywani mwake kulinitisha kuliko kifo. Nilijikuta nimesimama, kiti kimeanguka nyuma.

Nikasema nimejiuzulu, na nampendekeza Siwema binti Kibindo. Hamdun akaunga mkono kwa sauti ya kukatika. Hakuwa na haki ya kuunga mkono, lakini Pazi akasema hiyo itahesabiwa kuwa sauti ya wananchi. Ikapita.

*

Ukidhani mambo yaliishia hapo huijui Kanuni yangu. Mshauri mpya ni lazima alakiwe, na anayelakiwa mara ya kwanza hulakiwa na Baraza zima. Wajumbe wote wakapanda gari, kwa vyeo. Mimi, kwa kuwa si mjumbe tena, nikazuiwa mlangoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mkude akanikonyeza, akasema utingo hana kanuni, ning'inie nyuma. Nikaning'inia na Hamdun pembeni yangu. Mama Siwema hakumuuliza mtu, alikaa mbele na dereva.

Gari lilipanda Kilima Pumzi likiteleza na kulia. Lilipanda kwa muda mfupi tu, kama mchezo. Miezi yote ile tulikuwa tumelikalia.

Tulimkuta Siwema uani, kwenye kitanda cha kamba, macho yamepinduka, jasho limemlowesha. Mkunga alituangalia tulivyoshuka na kusimama kwa mstari, akadhani tumekuja kuzika. Mheshimiwa Ndaro akatoa hotuba mfukoni, akaanza kumwambia mjumbe mpya kwamba Taifa linampokea. Siwema akamkamata mkono kwa maumivu, akaubana, na Mheshimiwa akaikatisha hotuba yake katikati kwa mara ya kwanza katika utumishi wake.

Tukamwinua tumpeleke garini. Wajumbe, kwa kuiogopa mvua iliyoanza tena, walikuwa wameshapanda na kujipanga kwenye mabenchi. Hapakuwa na pa kumlaza hata kuku. Makamu mwenyekiti akasema yuko tayari kushuka, ila kwa utaratibu anayeshuka kwanza ni mdogo kwa cheo. Wakatazamana kutafuta mdogo. Aliyefuatia akasema si yeye, aliyefuatia akasema si yeye, mwisho Pazi akathibitisha kwamba mjumbe mdogo kuliko wote, aliyepitishwa leo, ni Siwema. Kwa hiyo ilibidi Siwema ashuke kwanza, na hajapanda. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Nilikuwa nimeshika mguu wa mwanangu. Ulikuwa wa baridi. Kitu kikanipanda kutoka tumboni, kitu cha zamani, kilichokuwa kimelala humo tangu treni ilipoacha kuja. Sikukohoa wala sikuomba kuchangia.

"Abiria wote," nikasema, "shukeni."

Ilikuwa sauti ya stesheni. Nilipokuwa kijana niliitumia kulitoa behewa zima la watu waliolala. Wajumbe walishuka. Walishuka kama abiria wanavyoshuka, wanasukumana, mmoja anatafuta kiatu, na Mheshimiwa Ndaro, ambaye hakuwa ndani, naye akasogea pembeni kupisha. Hata sasa hakuna anayeweza kueleza kwa nini alinitii. Tukamlaza Siwema kwenye mabenchi mawili yaliyounganishwa, mama yake akampakata kichwa, Hamdun akamshika miguu, Mkude akaondoka na king'ora kinalia.

Tukabaki sisi Mabondeni, Baraza zima na utingo mmoja, kwenye mvua, na hakuna wa kutusindikiza. Tulikipanda kilima kwa miguu. Katikati Mheshimiwa Ndaro alikaa kwenye matope, akashika kifua, akaniuliza kama watu hupanda hapa kila wakitaka hospitali. Nikamwambia hupanda, tena wamebeba kitanda. Alifikiri sana. Kisha akasema jambo hili linahitaji baraza.

*

Siwema alipona. Alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Mheshimiwa Ndaro alikuja hospitali na maua ya plastiki, akapendekeza mtoto aitwe Hiari. Mama Siwema akamjibu kwa adabu zote kwamba mjukuu wake haitwi jina la baraza. Mimi nilisimama kwenye kona, nikamshika yule mtoto, nikalia mbele za watu.

Alipopata nguvu Siwema alikwenda kwenye kikao chake cha kwanza, mtoto mgongoni. Hakungoja chai. Aliposikia ajenda imefunguliwa akasema, gari libebe mtu yeyote aliyeshikwa, kutoka popote. Akakaa. Kwa kuwa alilisema haraka, hakuna aliyepata nafasi ya kulitafutia kamati, na likapita. Mji mzima ulishangilia. Ulikuwa ushauri wa kwanza kutolewa na baraza lolote la hiari tangu sheria ile itungwe, na Mheshimiwa Ndaro aliukumbatia kana kwamba ameuzaa yeye.

Lakini ushauri hauwezi kutumika kabla Waziri hajaupokea. Na ushauri, Pazi akatukumbusha, unapotoka mikononi mwa mshauri unakuwa mgeni wa Serikali. Mgeni hasindikizwi kwa mdomo.

Basi ule ushauri uliwekwa kwenye bahasha, bahasha ikawekwa juu ya mto wa kile kiti changu, Pazi akaupakata, na gari la wagonjwa likausindikiza kwenda makao makuu, king'ora kinalia, sisi tumesimama pande zote mbili za barabara tunapunga mikono. Waziri aliupokea kwa hotuba ndefu. Kisha, kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, hakuweza kuuacha msafara wetu urudi peke yake. Akausindikiza mpaka Nusu Njia, katikati ya makao makuu na Tulizo. Huko ndiko waliko hadi ninapokusimulia haya. Waziri anamwambia Pazi tangulia, Pazi anamwambia haiwezekani, wewe kwanza. Habari zinazotufikia ni kwamba gari halijambo na injini haijazimwa.

Kwa hiyo tumerudi kwenye kitanda cha kamba. Mtu akishikwa Mabondeni vijana hupiga filimbi, na wanaosikia hupanda. Mimi hushika mguu wa nyuma, kushoto, kwa sababu bega la kulia lilishakwisha. Mara ya kwanza niliporudi, matope mpaka kifuani, Mama Siwema alinipokea mlangoni na maji ya moto. "Leo ndiyo umejitolea, Baba Siwema," akasema, akaniwekea chakula.

Hatulipwi kitu, na sijasikia Hazina ikilalamika juu yetu. Ila jamaa za wagonjwa ni watu wa adabu. Tukishamlaza mgonjwa wao hospitali, utamwona mmoja anasimama, anavaa viatu, anataka angalau anitoe mpaka barabarani. Nikimwona tu anatafuta viatu vyake, mimi hutoka mbio.